Kali

Geti la mama huko Kisauni limeliwa chini,
pale maji ya kisima, ya chumvi, yanapotuama
kila akimaliza kuosha ua.
Fundi Mwinyikai analikwaruza kwa msasa.
Unga mwekundu unamwagikia kandambili zake.
"Kutu," asema. "Hewa ya Mombasa haichagui."
Kwake habari imekwisha.

Kwa Mejumaa haijaanza. Mtihani wa kemia ni Alhamisi,
na kitenzi cha Kiingereza kimemkwama kooni kama mwiba wa tafi:
oksidaizi.
"Shangazi, hili dude lilizaliwa wapi?"

Nafungua kamusi ya marehemu mume wangu,
ile iliyoliwa na mchwa hadi herufi D.
Wagiriki walikuwa na neno, oksus:
makali ya mkuki, na papo hapo, uchachu wa siki.
Nikacheka peke yangu.
Kisu kikali. Ndimu kali.
Hatukuazimana nao hata chembe ya chumvi,
na ulimi umefika palepale.

Baadaye Mfaransa mmoja akaliokota,
akalibandika kwenye hewa,
akidhani kila kichachu kimetokana nayo.
Alikosea.
Jina halikurudishwa. Oksijeni:
tunalivuta puani usiku na mchana,
kosa linalotuweka hai.

Mkia nao una safari. -Izein kwa Mgiriki,
-izare kwa Mrumi, wakipokezana
kama madumu kwenye foleni ya bomba, hadi kwa Mwingereza.
Kazi yake kufanya kitu kiwe.
"Kama -isha yetu," asema Mejumaa. "Kalisha!"
"Hilo lina mwenyewe. Humkalisha mgeni."
"Basi kutu ni mgeni aliyekalishwa,"
na anaandika hivyo, kwa kalamu ya wino, pambizoni.

Sisi husema chuma kimeshika kutu,
kana kwamba chuma ndicho kilichonyosha mkono.
Kitabu chake chasema chuma hutoa, hewa hupokea.
Natazama geti.
Miaka kumi na tisa limekuwa likitoa.

Mwinyikai hakutusikiliza. Anabandua kifuniko cha kopo kwa bisibisi:
wekundu uleule, unga wa kutu uliokorogwa mafutani,
kutu ya kuzuia kutu,
na anamwita kijana wake ng'ambo ya ukuta,
"Leta brashi! Tupige redoksaidi
kabla jua halijawa kali."