Mbege ya Krismasi

Shangazi Aikande hanikaribishi kwa chai.
Ananipa sabuni:
"Umetoka safarini. Nawa mpaka viwikoni."

Pipa limesuguliwa, limesuuzwa kwa maji ya moto,
limeanikwa kwenye jua la Uru lisilo na haraka.
Lile lililowahi kubeba dawa ya kahawa
amelitoboa kitako kwa msumari,
asije mtu akasahau.

Ndizi zimechemka tangu juzi, zimeiva wekundu.
Kimea cha ulezi anakimwaga kwenye ungo,
ananusa, anachambua.
Punje zenye ukungu
hata kuku hawapewi.

"Msesewe niongeze?"
"Unataka pombe au dawa ya minyoo?"

Ukutani inaning'inia kata ya mjomba Ndesario.
Alikunywa kwingine, kwa watu wenye haraka,
waliotia wanachokijua wenyewe.
Alirudi akiuliza kwa nini taa zimezimwa,
mchana.
Habari hiyo hatuisemi. Tunasugua.

Mkesha, povu likishapanda,
mpishi huonja kwanza, wageni wakimtazama koo.
Shangazi atameza. Atasubiri kidogo,
zaidi kidogo kuliko mila inavyodai.
Kisha ataishusha kata ile,
ataijaza,
atanipa mimi.