Bolti Uliyoikaza Wewe

Sixten, bolti ya mkono wa kushoto imegoma.
Ile ya nyuma, karibu na chesisi,
pale vidole vinapofika na macho hayafiki.

Siku ya kwanza niliisugua kwa brashi ya waya
mpaka kutu ikaniingia masikioni,
nikaipulizia mafuta ya kupenya, nikaenda kulala.
Siku ya pili vivyo hivyo.
Siku ya tatu nikavalisha mpini wa spana bomba
la ule uzio tuliong'oa,
nikaning'inia mzimamzima, kilo zangu sabini na mbili,
na nati ikalia kama mtoto wa nguruwe,
ikazunguka robo.
Nikapiga makofi peke yangu gerejini.

Nati ikatoka. Bolti ikabaki.
Imeshikana na koo la chuma ndani ya bushi,
ukigeuza hiki kinageuka na kile,
mpira unajinyonga, halafu unarudi ulipokuwa
kana kwamba hujafanya kitu.

Majira ishirini na sita ya baridi hapa Härnösand.
Usiku malori ya manispaa yanamwaga chumvi,
asubuhi sisi tunapita juu yake kwenda kazini.
Chovya chovya: buyu limeisha.

Yngve alivuka barabara na mtungi wake wa gesi.
Tukaipasha mpaka ikawa rangi ya karoti,
mpira ukafuka, tukafungua mlango, tukakohoa.
"Nani aliikaza hivi?" akauliza.
Kaka yangu, nikasema.
"Aa," akasema Yngve,
akawa anakagua kucha zake.
Mtaa mzima unajua habari ya msitu wa mama,
na sahihi, na miaka kumi na mmoja.

Alipoondoka nikachomeka tindo chini ya kichwa cha bolti,
nikapiga. Nikapiga tena.
Ta!
Kichwa kikaangukia kwenye sinia la mafuta machafu.

Nilikifuta, nikakitazama chini ya taa.
Nusu ya jeraha ilikuwa nyeusi, ya zamani,
na nusu inang'aa kama sarafu, ya leo.
Kumbe ilianza kukatika kitambo.
Pengine ile safari ya Sollefteå,
wewe umeshika usukani, mama nyuma na keki mapajani,
nasi tukibishana ni lipi daraja refu zaidi,
na chini ya miguu yetu chuma kinaachia
uzi mmoja, uzi mmoja.

Iliyobaki nimeimaliza kwa msumeno.
Chali, kadibodi mgongoni,
nyembe saba, unga wa chuma kwenye kope,
upande mmoja, kisha wa pili.
Saa nne na dakika nisizozihesabu.
Mkono ulipoanguka sakafuni paka alitoroka
na mpaka sasa hajarudi.

Bolti mpya nimeipaka grisi ya shaba kama mkate siagi.
Nimeianza kwa vidole, mpaka ikakataa vidole.
Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa ukifanya:
gari juu ya jeki, magurudumu yananing'inia,
wewe unakaza kwa nguvu zote, unaguna, unamalizia na teke.
Halafu unalishusha,
na mpira unaanza maisha yake umeshanyongwa.
Sikujua. Hata wewe hukujua.
Kitabu kilikuwa kabatini, ukurasa wa mia na nne,
hakuna aliyekifungua.

Kwanza unalishusha.
Unaliacha likae kwa uzito wake, upande wa dereva
unaweka magunia mawili ya mchanga,
unalitikisa kidogo lijitafutie pa kukaa.
Ndipo unaingia chini, kwa shida, tumbo limekwaruzwa,
unakaza kiasi kilichoandikwa
na unaacha.

Niliacha.

Kile kichwa nimekiweka kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni.
Kimeshachora duara la kahawia kwenye rangi nyeupe.
Ukaguzi ni Alhamisi, saa mbili na robo asubuhi.
Mkono wa kulia bado sijaugusa.