Bolti ya Mama Yeko

Kilo mia sita na kumi, ilisema mizani ya Mbale,
na karani akaitazama pikapu yangu
kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayesema ni mafua tu.
Nikamwambia: andika.

Injini ya kusagia, kuukuu, chuma kisichojua huruma,
na mawe yake mawili, na bomba lake la moshi,
vyote juu ya tela niliyoiunga mwenyewe
kwa ekseli ya Bedford iliyokufa kabla Wamono hajazaliwa.
Taa ya nyuma haina. Ina kopo la maziwa lililopakwa rangi nyekundu.

Mama Yeko alikataa kukaa mbele.
"Nimeuza ng'ombe watatu," alisema, "siwapi kisogo."
Akapanda juu ya injini yake, mkono kwenye kamba,
kikapu mapajani.

Hadi Muyembe tulikwenda kama watu wenye heshima zao.
Kisha mlima.

Gia ya pili. Gia ya kwanza.
Baada ya hiyo hakuna nyingine, kuna dua.
Rejeta ikachemsha chai isiyo na mnywaji.
Wamono akaruka chini na gogo lake la mkaratusi,
akawa anakimbia nyuma ya gurudumu:
tukisita analisukumiza, tukivuta analiokota,
na malori ya Kapchorwa yanatupita yakitushangilia kwa honi,
au yakitutukana; kwa honi huwezi kujua.

Kona ya chini ya Sipi, pini ikakatika.
Sikusikia kishindo. Nilisikia wepesi:
pikapu iliruka mbele kama ndama aliyefunguliwa,
moyo wangu ukabaki nyuma, barabarani,
na tela, na injini, na mwanamke juu yake.

Gogo lilishika.
Nasema tena, kwa kuwa usiku huota halikushika:
gogo lilishika,
na Wamono kifudifudi, bega kwenye tairi,
kana kwamba bega lingetosha.

Mama Yeko hakupiga yowe.
Alipekua kikapu, chini ya ndizi, chini ya kitenge,
akatoa bolti nene kama kidole gumba cha mwashi,
imefungwa katika ukurasa wa daftari la mtoto.
"Ya injini. Fundi alisema nisiitenge na mwili wangu."
Iliingia kana kwamba imepimiwa pale.

Tulifika Tegeres jogoo akikosea saa.
Asubuhi fundi akanyoosha mkono bila kutazama:
"Bolti."
Sote tukaitazama tela.

Nikaichomoa mwenyewe. Deni ni deni.
Tela nikaiacha uani, shingo chini, kuku wakiikagua.

Pikapu ilishuka ikirukaruka,
haikujua la kufanya na mgongo mtupu.
Nyuma yetu, mbali: tuk. Tuk. Tuk-tuk-tuk.
"Unasikia?" akauliza Wamono, gogo bado kifuani.
Nikasimamisha gari, nikazima, nikasikiliza.

Jumamosi ninapanda tena,
na pini mpya mfukoni.
Mbili.