Kiinua Mgongo

Mume wangu alichukua kiinua mgongo chake
akakiweka majini.
Wenzake walijenga vyumba vya kupangisha kule Mikanjuni,
mmoja alinunua bodaboda tatu, zikaibiwa mbili.
Yeye Sechonge, miaka thelathini na mmoja kwenye reli ya Tanga,
akaniletea chombo cha bati, chembamba kama mwiko,
hatua kumi na nne urefu, mbili na nusu upana,
injini iliyokuwa ikisaga mahindi Muheza,
na ubavuni, kwa rangi ya zambarau, jina:
KIINUA MGONGO.

Nikamwuliza, kinakwenda wapi hiki?
Akasema, juu.
Juu wapi?
Juu mtoni.

Tuliondoka Pangani mwezi wa saba, kipupwe,
asubuhi inayodai kanga ya pili mabegani.
Mikungu ya ukingoni ilikuwa inapukutisha majani,
mekundu, makubwa kama viganja,
yakitua juu ya paa letu moja moja
kama watu wanaoingia msibani wakivua viatu.
Kivuko cha Bweni kilitupigia honi.
Tukajibu kwa sufuria.

Halafu mwendo. Mwendo gani!
Mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani alitupita kwa miguu,
akageuka, akatuonea huruma.
Kijana wa baiskeli, nazi arobaini nyuma, alitupita,
akasimama kuziba pancha,
akatupita tena.

Maji yakikupwa tunafunga kamba kwenye mkoko,
tunasubiri yajae. Hakuna wa kumfokea.
Sechonge, aliyekuwa akipandwa na jazba
treni ikichelewa dakika sita,
anakaa na kikombe cha mchaichai, anatazama matope yakipumua,
kaa wakitoka mashimoni, kila mmoja anapunga gando lake
kama mshika bendera wa stesheni.
Anawapungia nao.

Usiku wa kwanza hatukuwa na la kusema.
Miaka yote aliondoka saa kumi alfajiri,
akarudi nimelala. Watoto watano tuliwalea
kwa vikaratasi juu ya meza:
ada imelipwa, mkaa umekwisha, Mwanamvua ana homa.
Sasa kitanda ni mbao tatu
na mimi sijui anapenda kulala upande gani.
Nikamwuliza. Akafikiri kwanza.
"Uliko wewe," akasema, kisha akaona haya,
akaenda kukagua injini iliyozimwa.

Siku ya pili kiroba kilijisokota kwenye rafadha.
Mkono wangu ndio mwembamba, nikainama mimi,
yeye kanishika kiuno, anasoma dua kwa ajili ya mamba.
Usiniangushe.
Sijawahi.
Umewahi, nikasema, na sote wawili tukajua ni lini,
na kiroba kikatoka.

Minazi iliyozeeka. Mkonge, mistari na mistari.
Shule isiyo na uzio, watoto wakashuka mbio hadi majini:
Mnauza nini?
Hatuuzi.
Mnatafuta nini?
Hatutafuti.
Basi mmepotea, wakasema,
wakatuelekeza Tanga.

Saa yake niliificha tangu Pangani
ndani ya pipa la mchele. Hajaiuliza,
ila mkono wa kushoto bado unajigeuza wenyewe
kutazama ule mstari mweupe pale ilipokuwa.
Leo jioni, nikipima vibaba viwili,
kidole changu kikaigusa. Inatembea.
Nikaisikiliza kidogo,
nikaifukia chini zaidi.

Akaniita kutoka mbele: njoo, Mwantumu, njoo uone,
kiboko anapiga miayo!
Nakuja, nikasema,
nikaketi na ungo, nikauchambua mchele wote kwanza,
punje kwa punje,
na alipoita tena sauti yake haikuwa na dakika ndani yake.