Oili ya Kuungua

Mtaa wa Selkirk, Winnipeg, Oktoba imebakiza siku tatu.
Chupa zimesimama rafu saba, kama dawa za kikohozi,
na Rodel wa kaunta ananishushia ile ya kifuniko cha dhahabu:
"Sintetiki tupu, dada. Dola sabini na tisa. Injini haizeeki."
Namwambia gari langu halina pistoni.
Anacheka, halafu anaona sicheki.

Halina. Ndani yake huzunguka pembetatu
iliyovimba mashavu, sambusa iliyoshiba nyama,
na kila ncha ya sambusa imebeba kipande cha chuma
chembamba kama ukucha,
kinapangusa ukuta, kinapangusa, kinapangusa,
hakina siku ya mapumziko.
Hicho ndicho chenye kiu.
Pampu hukidondoshea oili, tone, tone,
na tone likimaliza kazi huungua pamoja na petroli,
likatokea nyuma, likaaga.
Si kuvuja. Si ugonjwa. Limeumbwa hivyo:
gari linalokula jasho lake.

Mwenyewe sikujua. Nililinunua kwa mwanafunzi aliyehamia Halifax,
bei ya jokofu, jekundu, milango inafunguka kama kabati.
Wiki ya tatu, nikitoka zamu ya usiku,
taa ikawaka juu ya daraja la Provencher.
Halyna, fundi, mwenye gereji nyuma ya nyumba ya dada yake,
alichomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali,
akakitumbukiza, akakichomoa tena.
Kikavu.
"Mara ya mwisho umepima lini?"
Nikasema: "Kumbe hupimwa?"

Hakunitukana. Alisogea mbali na petroli, akawasha sigara, akasema:
wenzako wanachagua oili inayodumu.
Wewe chagua inayojua kufa.
Usiulize inateleza vipi. Uliza inaungua vipi,
na ikishaungua inaacha nini ukutani.
(Wapo wanaombishia. Wana michoro, wana hasira.
Mimi nina gari moja na mshahara mmoja, namsikiliza mtu mmoja.)

Namba nilizielewa kwa njia nyingine.
Mama alinitumia mafuta ya nazi kutoka Pangani,
kwenye chupa ya maji ya kunywa, kifuniko kimezungushiwa utepe.
Kule hutiririka kabla hujainamisha mkono.
Huku niliipindua juu ya kiganja, nikaitikisa, nikaipiga kisogoni:
nyeupe, kimya, kama jiwe la chokaa.
Nikaibana kwapani hadi ikakubali.
Basi ile namba ya kwanza, kabla ya herufi,
inauliza hilo tu: asubuhi ya baridi,
utachelewa kiasi gani kunifikia?
Hapa ambapo Januari magari huchomekwa umeme usiku kama simu,
sitaki jibu refu.

Kwa hiyo, Rodel, rudisha dhahabu yako.
Nipe ya madini, tano kwa ishirini, ya chupa nyeusi isiyo na majivuno,
na ile ndogo ya pikipiki za theluji,
kikombe cha chai kwa tangi zima.
Mgema alisifiwa ndipo akatia maji temboni;
mimi hanisifu mtu, natia oili kwenye petroli
na kinywaji kinakuwa bora.

Nimesema uongo. Msimamizi wangu wodini hunisifu.
"Wewe," husema, akiniongezea zamu, "unadumu."
Nikisikia hivyo naiona ile taa ya darajani.

"Na ikiisha?" anauliza Rodel, vidole juu ya mashine ya bei.
Itaisha. Ndiyo kazi yake.
Nifungie mbili.