Upande Usiouma

Njia ya Himo, mwendo wa themanini, haichemki.
Same na kurudi, haichemki.
Ila Kibosho, gia ya kwanza,
nyuma ya fuso la ndizi,
mshale unapanda hadi kwenye nyekundu
nami nashuka, nasukuma, nalaani.

Kwa fundi Ndekirwa, Pasua, inanguruma kwa adabu
kama mtoto aliyepona mlangoni kwa daktari.
Tumebadili maji. Tumebadili themostati.
Tumezibua rejeta, tumetoa upepo kwenye mipira.
Feni inazunguka. Inazunguka tu.
“Pikipiki haina kitu,” anasema.
“Labda wewe.”

Jumatano Aikande, bintiye, akipita na beseni,
akaunyoosha usukani uliomziba njia.
Feni ikanyamaza.
Akaurudisha kushoto: ikazunguka.
Akanyoosha: kimya.

Waya. Umekatikia ndani, ngozi yake nzima.
Miezi mitatu tunaihoji ikiwa imeegemea stendi,
shingo kushoto,
imelalia upande usiouma.
Na kule Himo, kumbe,
upepo ndio uliokuwa feni.

Ndekirwa hakucheka. Alitafuta risasi ya kuchomelea,
akapuliza vumbi kwenye miwani.
Aikande alidai soda mbili.
Nikampa tatu.