Pumzi ya Mtumba

Gari lilipiga magoti Mamboleo, mchana kweupe,
upande wa kushoto kwanza, kisha mbele yote,
kama ng'ombe aliyekataa mnada.
Vijana wa bodaboda wakanizunguka: "Mdosi, linasali?"
Mimi si mdosi. Natengeneza meno ya bandia
nyuma ya duka la dawa, Kondele.
Renji hii aliniuzia mwanakandarasi wa miwa
mwaka ule kiwanda kilipoacha kulipa.
Alinipa funguo mbili, hakusema lolote kuhusu hewa.

Maana kumbe linasimama kwa hewa.
Si springi za chuma za pikapu ya shemeji,
ni mifuko minne ya mpira na kampresa moja
inayohema chini ya sakafu.
Mpya, wakala wa Nairobi alinitajia bei kwa simu
nami nikaomba arudie,
nikidhani anataja bei ya gari zima.

Jumamosi nikafika kwa Rispa Akelo, nyuma ya Kibuye,
pale milango ya magari imeegemezwa ukutani,
vitabu vya mtu asiyemaliza kusoma.
Ameketi juu ya injini, anamenya njugu.
Hakuuliza jina. Aliuliza mwaka,
na herufi ya mwisho ya namba ya chasisi.
Akaingia gizani, mkono mbele, akapapasa:
hii ya dizeli, hii imeingia maji,
hii, a-a, hii mwongo.
Akarudi amebeba kitu kizito kama mtoto wa miezi mitatu,
akakiunganisha na betri kwa nyaya mbili.
Kikakohoa. Kikanyamaza. Kikaanza kupumua.

"Thelathini na nane."
"Ishirini."
"Kwa ishirini nakuuzia kelele yake."
Tukakutana kwenye thelathini, na njugu za nyongeza.

Kando palikuwa na ganda la gari, mama wa kampresa ile,
na ndani, kiti cha nyuma, mkanda mzuri, bado mweusi.
Wangu umechanika. Nikasema, na huu je?
Akaacha kutafuna.
"Taa nauza. Usukani nauza.
Viti nauza, hata vyenye madoa, nikishaviosha.
Mkanda uliokwisha kumshika mtu, siuzi.
Umemaliza kazi yake."
Sikuuliza kama ulimshika vizuri.
Yeye alitazama upande wa barabara ya Kericho,
mimi nikahesabu noti, nikakosea, nikahesabu tena.

Magharibi fundi Oluchiri akakaza nati ya mwisho.
Nikawasha. Gari likafikiri kidogo,
likainuka, nyuma kwanza, polepole,
kuku wakatoka chini yake wakilalamika.
Watoto wakapiga makofi. Mke wangu akasema:
elfu thelathini, na jiko bado halina paa.

Nilibaki ndani, milango imefungwa, siendi popote,
nikiisikiliza chini yangu pumzi
iliyowahi kuwabeba wengine, sijui mpaka wapi.
Nikauvuta mkanda wangu, huo uliochanika,
nikaufunga.